Kibati Chekundu na Kadi ya Gari: Tunachokosea Kuhusu Nyumba za Kiwandani za Marekani

Mwezi Julai 2025, kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia benki, nyumba na miji ilipitisha kwa kura 24, bila hata moja ya kupinga, muswada mpana wa makazi uliobebwa na Seneta Tim Scott wa South Carolina na Seneta Elizabeth Warren wa Massachusetts, wanasiasa ambao ni nadra kuwaona wakivuta kamba upande mmoja. Ndani yake kilikuwamo kifungu kifupi cha kufuta sharti kwamba nyumba inayojengwa kiwandani lazima ikae juu ya chasisi ya chuma ya kudumu. Tangu hapo kifungu hicho kimeelezwa kwa namna inayovutia: ng'oa chuma kilicho chini ya sakafu, bei itashuka, dharau itakwisha, na watu wengi wa kipato cha chini watapata pa kukaa. Sina ugomvi na kufutwa kwa sharti lenyewe, maana limepitwa na wakati. Ugomvi wangu ni na maelezo hayo. Nyumba ya kiwandani ya leo, ikitazamwa kama jengo, ni bora kuliko sifa iliyobandikwa. Kinachomuumiza anayeimiliki ni aina ya hati anayokabidhiwa na ardhi ambayo nyumba yake imewekwa, na mambo hayo mawili yatabaki palepale hata chasisi ikishaondolewa.

Sehemu ya mkanganyiko imeanzia kwenye majina. Watu husema "trela" wakimaanisha vitu vitatu tofauti. Kipo kijumba cha kusafiria kinachovutwa nyuma ya gari la familia, ambacho hakikukusudiwa kuwa makazi ya kudumu. Ipo nyumba ndefu nyembamba ya zamani, mjukuu wa kijumba hicho, iliyozaliwa pale wafanyakazi wa viwanda vya silaha wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye askari waliorudi nyumbani, walipokosa nyumba za kawaida na kuhamia kwenye matrela. Mwaka 1954 Elmer Frey, mwenye kiwanda huko Wisconsin, alipanua upana wake kutoka futi 8 hadi futi 10. Futi hizo mbili zilitosha kuingiza ukumbi mwembamba, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kwenda chumbani kwake bila kupita cha mwenzake. Kufikia mwaka 1973 viwanda vya Marekani vilikuwa vikitoa karibu nyumba 580,000 za aina hiyo kwa mwaka, kila kiwanda kikijenga kwa namna kilivyoona inafaa. Nyaya duni, madirisha yasiyotosha mtu kutorokea moto na kuta zilizopepea kwenye upepo ndivyo vilivyoiharibia jina, na jina hilo bado linatumika kuhukumu nyumba ya tatu, iliyo tofauti kabisa.

Nyumba hiyo ya tatu ina tarehe ya kuzaliwa. Bunge la Marekani lilitunga sheria ya viwango vya ujenzi na usalama mwaka 1974, na kanuni zake, zinazosimamiwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, zikaanza kutumika tarehe 15 Juni 1976. Iliyotoka kiwandani kabla ya siku hiyo huitwa nyumba ya kuhamishika; iliyotoka baadaye ni nyumba ya kiwandani, jina ambalo sheria yenyewe ililipokea mwaka 1980. Hizi ndizo nyumba pekee nchini humo zinazofuata kanuni moja ya ujenzi ya taifa zima, yenye nguvu juu ya kanuni za ujenzi za majimbo na miji. Michoro hukaguliwa kabla ya kazi kuanza, na mkaguzi wa nje hupita kiwandani mbao zikiwa bado wazi, kabla ya kuta kufunikwa. Nilipoingia kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ya namna hii sikutambua kwamba nimeingia. Ilikuwa na kuta za jasi, jiko pana na vyumba vitatu, hadi mwenyeji aliponizungusha nyuma na kunionyesha kibati chekundu, kidogo kama kadi, kilichopigiliwa ukutani. Kibati hicho ndicho ushahidi kwamba kipande hicho cha nyumba kilipita ukaguzi. Nyumba ya vipande viwili, inayosafirishwa nusu nusu na kuunganishwa mahali pake, ina vibati viwili.

Tuhuma kadhaa dhidi ya jengo lenyewe zinaweza kujibiwa kwa haraka. Inasemwa kwamba nyumba hizi zimejaa kemikali ya fomaldihaidi, na ushahidi unaotajwa ni wa waathirika wa kimbunga Katrina cha mwaka 2005, waliougua ndani ya makazi ya dharura waliyopewa na serikali. Sehemu kubwa ya makazi hayo yalikuwa vijumba vya kusafiria, ambavyo havikubanwa na kanuni za nyumba za kiwandani; kanuni hizo zilikuwa na kikomo cha fomaldihaidi katika mbao za gundi tangu katikati ya miaka ya 1980. Inasemwa pia kwamba huwaka kama kiberiti. Hilo lilikuwa na ukweli kwa nyumba za kabla ya 1976, lakini chama cha taifa cha kinga dhidi ya moto kimeonyesha kwamba vifo katika moto wa nyumba zilizojengwa chini ya kanuni mpya vimepungua sana, hadi kukaribia vile vya nyumba nyingine za familia moja. Na kwamba ni hafifu kwa kuwa hujengwa upesi? Mbao zilizokatwa chini ya paa hazinyeshewi na mvua, na nyumba inayoburutwa barabarani kwa mamia ya kilomita kabla ya kukaliwa lazima ifungwe misumari na gundi kwa uimara ambao nyumba ya kawaida haiudai.

Suala la upepo halijibiki kwa wepesi huo, na hapa watetezi wa nyumba hizi huniudhi kuliko wapinzani wake, kwa sababu hulichanganya kwa makusudi. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida ya kusini Agosti 1992 kilifagia maeneo mazima ya nyumba za kuhamishika na za kiwandani kwa pamoja, na aibu hiyo ikailazimisha serikali kukaza kanuni. Kuanzia Julai 1994, nyumba inayopelekwa mwambao wa hatari lazima iundwe kuhimili upepo wa maili 100 kwa saa, na katika ukanda wa hatari zaidi maili 110. Kimbunga Charley kilipopita Florida mwaka 2004, tofauti ilionekana kwa macho: nyumba za baada ya 1994 zilisimama vizuri mno kuliko wazee wake, na madhara mengi yaliyozipata yalianzia kwenye vibanda vya magari na baraza za bati ambazo wenyewe walizipachika baadaye, zilizong'oka na kuondoka na kipande cha paa. Hadi hapo watetezi wako sawa. Lakini tornado, nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi juu ya nchi kavu, si kimbunga cha baharini. Hutokea ghafla, hupiga mara nyingi katika majimbo ya bara na ya kusini yaliyo nje ya ukanda wenye masharti makali, na kati ya Wamarekani wanaouawa na tornado wakiwa majumbani, zaidi ya nusu hufia katika nyumba za aina hii, ingawa ni takriban asilimia 6 tu ya nyumba zote za nchi. Takwimu hiyo inajumuisha nyumba kuukuu za kabla ya 1976, ndiyo. Inajumuisha pia mpya zilizofungwa ovyo. Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali hawatofautishi umri wanapotoa ushauri: onyo likitolewa, toka, nenda kwenye jengo lenye msingi imara.

Ukichunguza zaidi kwa nini nyumba nzuri huruka, utakuta mara nyingi jibu liko chini ya sakafu, kwenye mikanda ya chuma na nanga zilizochimbiwa ardhini. Nanga iliyozamishwa kwenye udongo mlaini, mkanda ulioliwa na kutu, fundi aliyeruka nanga mbili ili awahi nyumba ya pili jioni: kiwanda hakina habari na lolote kati ya hayo. Kanuni ya taifa kwa muda mrefu ililinda nyumba hadi mlangoni mwa kiwanda na kuacha ufungaji kwa kila jimbo, na ilibidi ije sheria ya mwaka 2000 ndipo viwango vya chini vya ufungaji vidaiwe nchi nzima. Nalitaja hili kwa kuwa ni dalili ya kwanza ya jambo ninalolijenga. Kila tunaposhuka kutoka kwenye kuta kwenda kwenye ardhi, sheria inalegea. Kwenye nanga inalegea kidogo. Kwenye hati inalegea sana.

Dhana kwamba nyumba hizi huhamahama ndiyo iliyozaa ulegevu huo. Mwaka 1992, katika kesi ya Yee dhidi ya mji wa Escondido, California, Jaji Sandra Day O'Connor aliiandikia Mahakama ya Juu uamuzi uliokubaliwa na majaji wote tisa, na ndani yake akaeleza kwamba jina la nyumba ya kuhamishika linapotosha kiasi, kwa kuwa ikishawekwa mahali ni takriban moja tu katika kila mia inayowahi kuhamishwa tena. Sababu ni gharama. Kuing'oa nyumba ya vipande viwili, kuikodishia malori na wasindikizaji, kuisafirisha na kuifunga upya hugharimu maelfu ya dola, na nyumba ya zamani inaweza isifike salama au isipate mtaa utakaokubali kuipokea. Magurudumu, kwa maneno mengine, ni ya safari moja. Pamoja na hayo, katika majimbo mengi nyumba hiyo inapouzwa mara ya kwanza huandikishwa kama gari: mnunuzi hupewa hati ya umiliki ya aina moja na kadi ya gari, mara nyingine na idara ileile inayosajili magari, na kuibadili iwe sehemu ya ardhi hudai utaratibu wa makusudi, fomu za ziada na mara nyingi ardhi iliyo mali ya mwenye nyumba. Nyumba isiyotembea inashikiliwa kwa karatasi ya kitu kinachotembea.

Karatasi hiyo ndiyo huamua aina ya mkopo. Mwenye hati ya ardhi hupata mkopo wa rehani, wenye muda mrefu, riba nafuu na kinga nyingi za kisheria kabla ya benki kuchukua nyumba. Mwenye hati inayofanana na ya gari hupata mkopo wa mali inayohamishika: muda mfupi, riba ya juu, na utaratibu wa kunyang'anywa unaokwenda mbio akishindwa kulipa. Kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na ofisi ya serikali kuu inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, asilimia 42 ya mikopo ya kununulia nyumba za kiwandani ilikuwa ya aina hii ya pili. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba ni asilimia 27 tu ya maombi ya mkopo wa nyumba za kiwandani yaliyozaa mkopo, ilhali kwa nyumba za kawaida ilikuwa asilimia 74. Na ilipofika mwaka 2020, Bunge likaruhusu wenye rehani zilizodhaminiwa na serikali kuu kusimamisha malipo kwa sababu ya janga la korona, wengi wa wenye mikopo ya mali inayohamishika walijikuta nje ya mwavuli huo, kwa kuwa kisheria mikopo yao haikuwa rehani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Picha iliyozoeleka ni ya mtaa wa matrela ambamo kila mtu amepanga kiwanja, lakini ofisi hiyohiyo ilikadiria mwaka 2014 kwamba takriban watu watatu kati ya watano wanaoishi katika nyumba ya kiwandani waliyoinunua wanamiliki pia ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo wengi wangeweza kupata rehani. Hawaipati: kati ya waliomiliki ardhi na kukopa, karibu asilimia 65 walichukua mkopo wa mali inayohamishika. Baadhi walichagua hivyo kwa akili timamu, maana mkopo huo hutoka upesi na ardhi ya familia, ambayo pengine imerithiwa na ndugu kumi bila kugawanywa, haiwekwi rehani. Wengine hawakuchagua chochote. Muuzaji wa nyumba aliwakabidhi fomu ya mkopeshaji aliyeshirikiana naye, nao wakatia saini papo hapo wakiwa na furaha ya funguo. Anayeamini kwamba tatizo la nyumba hizi ni umaskini wa wanaozinunua ana wajibu wa kueleza kwa nini mtu mwenye ardhi yake mwenyewe anakopa kama anayenunua pikipiki.

Tukifika kwenye hoja ya thamani, nadhani tumefika kwenye hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa dhidi ya nyumba hizi, ile isemayo kwamba hushuka thamani kama gari tangu siku inapotoka kiwandani. Hurudiwa hata na washauri wa fedha wanaoheshimika. Mwaka 2018 taasisi ya serikali inayosimamia mashirika ya rehani ya Fannie Mae na Freddie Mac ilianza kuchapisha kipimo cha bei za nyumba za kiwandani, na watafiti wa taasisi ya utafiti ya Urban Institute walipokitazama walikuta kwamba bei zake zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 3.4 kwa mwaka dhidi ya asilimia 3.8 za nyumba za kawaida. Gari halifanyi hivyo. Ila inabidi tusiwe wepesi wa kushangilia kama watengenezaji walivyoshangilia, kwa sababu kipimo hicho kinahesabu nyumba zilizouzwa pamoja na ardhi na kununuliwa kwa rehani. Hakisemi lolote kuhusu nyumba iliyo kwenye kiwanja cha kupanga. Kinachopanda thamani kwa kawaida ni ardhi. Kuta hupungua thamani popote pale, ziwe za mbao zilizopigiliwa kiwandani au za matofali yaliyopangwa na fundi uwanjani. Kwa hiyo anayesema nyumba ya kiwandani hushuka thamani na anayesema hupanda wote wawili wanaielezea ardhi, mmoja akimtazama asiye nayo na mwingine akimtazama aliye nayo.

Na asiye nayo ndiye mwenye hali ngumu. Ameinunua nyumba, anaikatia bima, anaitengeneza paa, lakini kila mwezi analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi anayejua fika kwamba nyumba hiyo haiendi popote. Frank Rolfe, mwekezaji maarufu wa mitaa hiyo, aliwahi kuifananisha biashara yake na mgahawa ambamo wateja wamefungwa kwa minyororo kwenye viti vyao. Alikuwa akiwaeleza wawekezaji wenzake sababu ya kuipenda. Katika miaka ya karibuni mitaa mingi iliyokuwa ya familia moja moja imenunuliwa na mifuko mikubwa ya uwekezaji, na kodi zimepandishwa kufuatana na hesabu za wanahisa. Wenye ardhi wana utetezi ambao si wa kupuuzwa. Mabomba ya maji na ya majitaka katika mitaa iliyojengwa miaka ya 1960 yameoza, barabara za ndani ni zao kuzitengeneza, na mwenye ardhi wa zamani aliyetoza kodi ndogo mara nyingi aliacha pia kila kitu kibomoke. Miji inayoweka ukomo wa kodi ya kiwanja nayo huzua tatizo lake, ambalo kesi ya Escondido iliyotajwa hapo juu ililigusa: unafuu wa kodi humnufaisha anayeuza nyumba leo, kwa kuwa mnunuzi humlipa bei ya juu zaidi ili auingie unafuu huo. Kinyume chake ni kweli vilevile, na hakisemwi vya kutosha. Kodi ya kiwanja ikipanda dola 100 kwa mwezi, atakayeinunua nyumba ataihesabu dola hizo kabla ya kutoa bei yake, hivyo nyongeza ya kodi humega thamani ya nyumba ya mtu mwingine na kuihamishia kwenye thamani ya ardhi. Kwa njia hiyo mtu anaweza kulipa mkopo wake wote kwa uaminifu na mwishowe akawa hana cha kuuza.

Turudi sasa kwenye chasisi. Wanaotaka sharti lake lifutwe wana hoja nzito kuliko wanavyojua kuzieleza. Chuma hicho huinua sakafu juu ya ardhi, hivyo nyumba huhitaji ngazi mlangoni na pazia la bati kuzunguka miguu yake, alama mbili zinazoitangaza kutoka mbali. Pia huibana michoro na kufanya nyumba ya ghorofa kuwa ngumu kujengwa. Kiwanda kingeweza kukitumia kwa usafiri, kukichomoa na kukitumia tena. Watetezi hutaja akiba ya kati ya dola 5,000 na 10,000 kwa kila nyumba, na ikizingatiwa kwamba nyumba mpya ya kipande kimoja iliuzwa kwa wastani wa kama dola 85,000 mwaka 2023, fedha hiyo si ndogo. Lakini tuiweke kando ya riba. Tuchukue mfano wa mkopo wa dola 85,000 wa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 6.5 mkopaji atalipa takriban dola 634 kwa mwezi. Kwa asilimia 9.5, tofauti ya kawaida kabisa kati ya rehani na mkopo wa mali inayohamishika, atalipa dola 792. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya dola 1,900 kila mwaka. Akiba ya dola 7,500 iliyotokana na chuma itakuwa imemezwa kabla mwaka wa nne haujaisha, na kwa miaka yote 20 riba hiyo ya ziada itafika karibu dola 38,000, nayo kodi ya kiwanja hatujaigusa.

Watetezi hao hunijibu kwamba nyumba isiyo na chasisi itaonekana nyumba ya kawaida, na ikionekana ya kawaida itakopeshwa kama ya kawaida. Jibu hilo linapuuza maandishi yenyewe. Muswada wa mwaka 2025 ulizitaka serikali za majimbo zizichukulie nyumba zisizo na chasisi sawasawa na zile zenye chasisi katika masuala ya hati, mikopo, bima na kodi za serikali. Usawa huo umetungwa kwa nia njema, ili viwanda visikute mlango umefungwa jimbo kwa jimbo, lakini maana yake kwa vitendo ni kwamba pale ambapo nyumba yenye chasisi huandikishwa kama gari, ndugu yake mpya asiye na hata chembe ya chuma cha gari ndani yake ataandikishwa vivyo hivyo. Historia ya karibuni nayo haiungi mkono matumaini hayo. Mwaka 2018 Fannie Mae na Freddie Mac zilianzisha mikopo nafuu kwa nyumba za kiwandani zilizopambwa zifanane na za jirani, zenye paa lililoinuka, baraza na msingi wa kudumu. Masharti yake yalidai ardhi na hati ya ardhi, na nyumba za aina hiyo zimebaki chache sana. Sura nzuri haikufungua mlango ambao ufunguo wake ulikuwa hati.

Upande wa pili, wapo wanaopinga mabadiliko yote haya kwa kudai kwamba nyumba za kiwandani hushusha hadhi ya mtaa, na hoja yao hutekelezwa kimyakimya kupitia mipango miji. Kanuni ya taifa huuzuia mji kuikataa nyumba kwa sababu ya jinsi ilivyojengwa, lakini haiuzuii kusema nyumba hizo ziwekwe pembezoni tu, karibu na reli au bonde la mafuriko. Zikishawekwa huko, wakazi hupangishwa viwanja badala ya kuuziwa, maji yanapofurika nyumba huharibika, na uharibifu huo huchukuliwa kama ushahidi kwamba nyumba za namna hii hazidumu. Duara hilo limezungushwa kwa miongo kadhaa. Namwelewa mwenye nyumba anayehofia bei ya nyumba yake. Simwelewi diwani anayechagua bonde kuwa mahali pa kuziweka, kisha akashangaa.

Kwamba sheria ya hati inaweza kuandikwa tofauti si nadharia. New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini-mashariki lisilo na sifa ya kupenda kuingilia biashara za watu, huihesabu nyumba ya kiwandani kuwa mali isiyohamishika tangu inapowekwa mahali pake na kuunganishwa na maji, umeme na majitaka, hata ikiwa juu ya kiwanja cha kupanga. Huuzwa kwa hati kama nyumba nyingine na huandikishwa katika daftari la ardhi. Jimbo hilohilo humtaka mwenye ardhi anayetaka kuuza mtaa wake awape wakazi notisi ya siku 60, ili nao wapate nafasi ya kutoa bei yao. Utaratibu huo ulitanguliwa na kisa cha mwaka 1984 katika mji wa Meredith, ambapo familia 13 zilizosikia kwamba ardhi yao inauzwa ziliunda ushirika, zikakopeshwa na mfuko mdogo wa mikopo ya jamii ulioanzishwa mwaka mmoja tu kabla, na kuununua mtaa wenyewe. Mwaka 2008 mtandao wa taifa uliundwa kueneza mfano huo, na leo mitaa zaidi ya 300 katika majimbo mbalimbali inamilikiwa na wakazi wake, wanaopiga kura wenyewe kuamua kodi na lini bomba libadilishwe. Huko Meredith chasisi hazikuguswa. Nyumba zilibaki juu ya chuma kilekile zilichofika nacho. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na haki ya kuzipandishia kodi.